Mahali pa Kuvulia Buti

Yeyote aliyewahi kushuka mlima jioni, magoti yakimtetemeka na maji ya mvua yakimchuruzika kisogoni, anajua kwamba njaa ya mlimani si ndugu wa njaa ya mjini. Huko Uingereza, ambako milima si mirefu lakini mvua haina huruma, wapenda kutembea vilimani wamejiwekea kituo cha mwisho cha kila safari, nacho ni baa ya kijijini iliyo chini ya mlima. Leo nitakutembeza katika chache ambazo wapanda vilima wenyewe huzitaja kwanza. Nawe usiyekunywa pombe usigeuze ukurasa. Supu ya moto, pai ya nyama na birika la chai vimo humo, na watoto wanaofuatana na wazazi wao hukaribishwa katika nyingi ya nyumba hizo.

Kwanza tuelewane juu ya kipimo. Bia hupatikana popote. Baa ya wapanda vilima hupimwa kwa sakafu yake. Ikiwa ni ya mawe, na mwenye baa hakunji uso aonapo buti zenye tope, umefika. Ikiwa imetandikwa zulia, na mlangoni pana kibao cha kukuamuru uvue viatu, kunywa upesi ujiendee zako. Katika bonde la Great Langdale, kaskazini-magharibi ya England, baa ya hoteli ya Old Dungeon Ghyll hapo zamani ilikuwa zizi la ng'ombe, na mahali walipofungwa ng'ombe ndipo wakaapo wageni siku hizi. Mahali palipostahimili kwato hapawezi kuogopa buti zako.

Ukivuka milima kwa miguu kuelekea magharibi utateremkia Wasdale Head, chini ya Scafell Pike, mlima mrefu kuliko yote ya England, mita 978. Mwenye nyumba ya wageni ya hapo katika karne ya 19 alikuwa Will Ritson, mtu aliyesifika kwa uongo kama Abunuwasi alivyosifika kwa ujanja. Aliwaambia wageni kwamba figili za bondeni mwao zilikuwa kubwa mno hata watu walizichimba ndani wakawaweka kondoo humo. Kwa kumkumbuka, mashindano ya uongo hufanyika kila mwaka katika baa ya Santon Bridge iliyo jirani. Wanasiasa na wanasheria hawaruhusiwi kushiriki, kwa sababu ati ujuzi wao umepita kiasi.

Wales nayo ina Pen-y-Gwryd, karibu na mlima Snowdon, ambako kikosi kilichokwenda Everest mwaka 1953 kilifanyia mazoezi. Sahihi za watu hao zingali darini. Ni hoteli nzuri, ingawa kwa maoni yangu wageni wengine huenda kutazama dari zaidi kuliko kupanda mlima.

Sasa tuteremke hadi Edale, katikati ya England, maana hapo habari inazidi kuwa nzito. Kijiji hicho kina baa iitwayo Old Nag's Head, na juu yake umejinyosha mlima Kinder Scout, wenye udongo mweusi ulioloa maji kama sifongo. Miaka 100 iliyopita mtu wa kawaida hakuwa na ruhusa ya kuukanyaga. Makabaila waliumiliki kwa ajili ya kuwinda ndege wa jamii ya kwale, na walinzi wao walizunguka na fimbo. Tarehe 24 Aprili, 1932, mamia ya vijana, wengi wao wafanyakazi wa Manchester, waliupanda kwa makusudi mchana kweupe, wakiongozwa na Benny Rothman aliyekuwa na umri wa miaka 20. Watano walifungwa jela, kati ya miezi miwili na miezi sita. Hata hivyo mwaka 1949 ilipitishwa sheria ya hifadhi za taifa, na mwaka 1951 milima hiyo ikawa hifadhi ya kwanza nchini humo. Unapomwona mzee wa kiwandani akikausha soksi karibu na moto wa Edale, kumbuka kwamba kulikuwa na watu waliolala gerezani kwa ajili ya matembezi hayo.

Kutoka Edale huanza njia ya miguu ya Pennine, iliyofunguliwa mwaka 1965, yenye urefu wa kilomita 430 hivi. Huishia Kirk Yetholm, ndani kidogo ya mpaka wa Uskoti, katika baa ya Border Hotel. Alfred Wainwright, aliyeandika kitabu mashuhuri cha kuwaongoza wasafiri wa njia hiyo, aliahidi kumlipia kinywaji kila aliyeimaliza yote. Ilimgharimu fedha nyingi! Naye alikuwa mtu asiyependa maneno mengi wala kundi la watu, basi usidhani kila mkarimu ni mchangamfu.

Tukiwa tumekwisha kuingia Uskoti, twende kaskazini hadi bonde la Glencoe, kwenye baa ya Clachaig. Penye mapokezi pana kibao kisemacho kwamba wachuuzi na watu wa ukoo wa Campbell hawatakiwi. Ni mzaha, na akina Campbell huhudumiwa kama wengine, lakini chanzo chake si mzaha. Mwezi Februari, 1692, askari wa serikali walifika bondeni wakiongozwa na nahodha wa ukoo wa Campbell, wakapokewa nyumbani mwa ukoo wa MacDonald. Sisi husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wale walikaa karibu wiki mbili, wakila na kulala kwa wenyeji wao. Alfajiri ya tarehe 13 wakawaua wenyeji hao. Wanaokadiriwa kuwa 38 walikufa, na wengine waliokimbia waliuawa na baridi ya theluji. Vita vilikuwa vingi zama hizo, na vingi vimesahauliwa. Hili halikusahaulika kwa kuwa mgeni alimwua aliyemlisha.

Pengine ndiyo sababu bonde hilohilo likajulikana kwa kuokoa watu. Mwaka 1961 Hamish MacInnes alianzisha hapo kikosi cha uokoaji mlimani. Waokoaji wa namna hiyo ni watu wa kujitolea wasiolipwa mshahara. Ndiyo maana katika baa za milimani utaona kisanduku cha michango yao juu ya kaunta. Tia chochote. Nawe mzazi, zingatia haya mawili. Mwambie mtu njia utakayopita na saa utakayorudi, na ukirudi usisahau kumjulisha. Aidha, aliyeshuka akitetemeka apewe kwanza chai au supu, kwani pombe huifanya ngozi ihisi joto huku joto la mwili likipotea.

Baa za vijijini nchini humo zimekuwa zikifungwa mwaka hadi mwaka. Gharama za kupasha nyumba moto zimepanda, bia ya dukani ni rahisi zaidi, na nyumba nyingi za vijijini zimenunuliwa na matajiri wa mjini wanaozilala wiki chache tu. Baa inayofungwa huacha bonde zima bila mahali pa kukutania, na mpanda vilima aliyeloa hubaki kulia chakula ndani ya gari.

Habari ya Inverie inafaa kusikilizwa kwa sababu hiyo. Kijiji hicho kiko katika rasi ya Knoydart, magharibi ya Uskoti. Hakuna barabara ya kukifikia. Utapanda mashua kutoka Mallaig, au utatembea milimani zaidi ya kilomita 25. Wakazi wake ni mia na ushei tu. Mwaka 1999 ardhi ya huko, ekari zipatazo 17,000, ilitoka mikononi mwa wamiliki wa kibinafsi ikawa mali ya jamii. Ilibaki baa, Old Forge, yaani karakana ya mhunzi ya zamani. Ilipotangazwa kuuzwa, wanakijiji walichangishana kwa kuuza hisa, wakapata msaada wa mfuko wa umma wa ardhi wa Uskoti, na mwaka 2022 wakainunua. Ukifika huko jioni kwa miguu, umechoka na umechafuka, atakayekumiminia kinywaji anaweza kuwa mmoja wa wenye nyumba, na jirani yako mezani akawa mwingine. Ila ulizia mapema ratiba ya mashua ya kurudi.