Mwinuko wa Masingini na Upepo wa Kusi
Wale wageni wadhanio kuwa Unguja, kwa sababu mwinuko wake mkubwa ni Masingini, nao haupiti sana mita 100, haimtoi jasho mpanda baiskeli, na wafahamu ya kwamba atokaye Darajani mwezi wa Julai, akaishika njia ya Dunga kwenda Chwaka, hukabiliwa na kusi kifuani hata akadhani anapanda jabali, ijapokuwa wakati wa kurudi upepo huo huo humsukuma mgongoni. Ama apendaye kwenda kwa miguu katika uwanda wa Jozani, makao ya kima punju, ajue kuwa jiwe la matumbawe lina makali, na makubadhi hayafai kabisa. Tokeni alfajiri, na maji msisahau.