Mavuno Nayo Yanahitaji Mchungaji



Hapa Muheto hakuna mtu anayeachilia ng'ombe zake malishoni bila mchungaji. Lakini maharagi, yenye tumehangaikia miezi 3 na zaidi, tunayapandisha kwenye lori na kuyaaga: nendeni Goma, mtuletee franga.

Sisi wanaagronomi tuko na kosa letu. Tulifundisha mbegu bora, mistari na mbolea. Safari ya mavuno hatukuifundisha. Msimu mmoja tulisindikiza mzigo wa koperative moja hadi Goma. Mnunuzi alifungua mifuko mitatu tu: maharagi hayajakauka, aina mbili zimechanganyikana. Akakata bei palepale. Kurudisha mzigo kungekuwa kulipa lori mara ya pili, basi tukakubali. Hasara ikaangukia wamama waliopalilia.

Maoni yetu ni haya: kila koperative iteue msimamizi mmoja wa safari ya mavuno, toka shambani mpaka kwa mnunuzi. Asiwe prezidenti wala mtunza pesa. Hao wako na kazi zao, na anayepima asiwe yeye anayeshika franga. Kazi yake inaanza mbele ya kupanda: kuuliza wanunuzi wanataka aina gani, mifuko mingapi, wakati gani. Kwenye mavuno, anapima kila mfuko mbele ya mwenyewe na kuandika katika daftari. Anatia maharagi na chumvi kavu ndani ya chupa kavu, anatikisa; chumvi ikishika kwenye chupa, maharagi yarudi juani. Viazi anaviweka gizani, sababu mwangaza unavigeuza kijani na kuvitia sumu. Mbele ya lori kuondoka, anapiga simu Goma juu ya bei na Sake juu ya barabara.

"Mshahara utatoka wapi?" Swali ni la haki. Lori la mifuko 60 ya kilo 100 ni kilo 6 000. Mnunuzi akikata franga 50 tu kwa kilo, franga 300 000 zimepotea siku moja. Tutoe kiasi kidogo juu ya kila mfuko uliouzwa, tumlipe. Asiyelipwa na koperative atalipwa na komisioneri.

Vita na mvua inayokata barabara, msimamizi hawezi kuvizuia. Lakini siku njia imefungwa, wenye depo kavu na daftari safi wanaweza kungoja. Wengine wanauza kwa bei yoyote. Tuliongee hili katika mkutano mkuu ujao, mbele ya kupanda. Siku lori limeshafika, tumechelewa.