Mfupa wa Ngamia na Karatasi ya Msalani

Katika Kanisa la Mtakatifu Yohana hapa Stanmore yamezikwa majivu ya W. S. Gilbert, mtunzi wa maneno ya The Mikado. Mei 29, 1911, akiwa na umri wa miaka 74, aliingia katika ziwa la nyumba yake, Grim's Dyke, kumwokoa msichana aliyekuwa akipiga kelele majini. Moyo wake ukasimama humo humo. Jirani na hapo, kwenye jumba la Bentley Priory, Sir Walter Scott aliwahi kuwa mgeni huku akiusahihisha utenzi wake Marmion. Waandishi wa Uingereza hawakosi watu wa kuwatunzia visa.

Toleo hili limejaa visa vya namna hiyo kuhusu waandishi wa Afrika Mashariki, na huenda wapo wasomaji watakaouliza kama huo si udaku tu. Jarida hili linashikilia kwamba kisa kinastahili kuchapishwa pale kinapoeleza kwa nini kitabu kiliandikwa, na kwa nini kikawa vile kilivyo. Kifo cha Gilbert kinasikitisha, lakini hakifungui hata ukurasa mmoja wa The Mikado.

Sayyida Salme ni habari nyingine. Alizaliwa Unguja mwaka 1844, binti wa Sultani Sayyid Said. Wasichana wa nyumba ya kifalme walifundishwa kusoma Kurani, kuandika wakanyimwa. Salme akauweka msahafu mbele yake na kuziiga herufi kwa siri juu ya mfupa mpana wa bega la ngamia, ambao ndio uliokuwa ubao wa wanafunzi. Mwaka 1859 ndugu yake Barghash alipokula njama ya kumng'oa Sultani Majid, akatakiwa mtu wa kuandika barua. Binti wa miaka 15 hivi akawa katibu wa wapinzani! Njama ilivunjwa, Barghash akahamishiwa Bombay, na Salme akabaki na uhasama ndani ya ukoo wake.

Mwaka 1866 aliondoka Unguja kwa manowari ya Kiingereza, kisha akaolewa na Mjerumani na kuhamia Hamburg, ambako alifiwa na mumewe mapema. Mwaka 1875 Barghash, sasa Sultani, alizuru London. Salme akaja hapa kutafuta suluhu. Sir Bartle Frere, afisa wa serikali ya Uingereza, alimshawishi asimwendee ndugu yake, akimwahidi msaada kwa watoto wake. Ahadi hiyo haikutimizwa. Kumbukumbu alizozichapisha Berlin mwaka 1886 zimebeba uchungu wa mambo hayo yote, na chanzo chake ni herufi zilizonakiliwa kwa wizi juu ya mfupa.

Ngũgĩ wa Thiong'o naye, akiwa kizuizini Kamiti mwaka 1978, aliandika Caitaani Mũtharaba-inĩ kwenye karatasi ya msalani. Karatasi hiyo ilikuwa ngumu na yenye kukwaruza, mateso kwa mfungwa lakini nzuri kwa kalamu. Alikuwa amefungwa kwa sababu ya tamthilia ya Kigĩkũyũ, na humo gerezani akaamua kuandika riwaya kwa lugha hiyo hiyo. Mwaka 1987 serikali ya Kenya ilisikia kwamba mtu aitwaye Matigari anazunguka vijijini akidai haki, ikaamuru akamatwe. Polisi walipogundua kwamba ni mhusika wa riwaya nyingine ya Ngũgĩ, walikwenda madukani kukikamata kitabu.

Kuhusu Abdulrazak Gurnah, wengi hukumbuka kwamba alikuwa jikoni simu ya Nobel ilipoita mwaka 2021. Kisa hicho ni kitamu, ila hakina uzito. Cha kutafakari ni hiki: Paradise, riwaya ya mtoto wa pwani aliyewekwa rehani kwa deni la baba yake, ilitoka mwaka 1994. Wasomaji wa Kiswahili, lugha aliyokua nayo mwandishi, waliisubiri hadi 2022, Ida Hadjivayanis alipoitafsiri kwa jina la Peponi na Mkuki na Nyota wakaichapisha Dar es Salaam. Makala ya kwanza ya toleo hili inaanza na miaka hiyo 28.