Mlima haukimbii: kabla hujabadilisha kamera

Juma hili nazungumza nawe uliye na kamera ndogo ya dijitali, ambaye umechoshwa na picha za pasipoti na sherehe za kuzaliwa pale Kawangware 46. Sasa unatamani picha za mandhari: Vilima vya Ngong alfajiri, Bonde la Ufa, au Mlima Kenya siku unapojitokeza wazi. Zamu yako ya chama imekaribia. Nyumbani kodi inangoja, na karo nayo haiko mbali. Je, ununue kamera gani?

Tuseme unayo Canon 1200D, iliyotoka mwaka wa 2014, pamoja na lenzi yake ya milimita 18 hadi 55. Umeenda mjini, na wauzaji wamekuonyesha kamera mbili zilizokwisha kutumika: Canon 80D ya 2016 na Canon 6D ya 2012. Tuzipime.

Muuzaji ataanza kwa kukutajia megapikseli. Usibabaike. Picha ya 1200D ina nukta 5,184 kwa upana, ya 6D ina 5,472, na ya 80D ina 6,000. Ukichapisha kwa nukta 300 kwa kila inchi, kipimo ambacho hutoa picha safi, utapata upana wa inchi 17, 18 na 20. Karatasi ya A3 haifiki hata inchi 17. Kwa hivyo kamera hiyo hiyo unayotaka kuuza inatosha kutoa picha ya kutundika sebuleni.

Tofauti kubwa iko kwenye kihisi, yaani kile kipande kinachopokea nuru mahali palipokuwa na filamu zamani. Cha 6D kina takriban milimita 36 kwa 24, sawa na filamu ya kawaida. Cha 80D ni kidogo kama cha 1200D, na eneo la kile cha 6D ni karibu mara mbili na nusu yake. Kihisi kikubwa hukusanya nuru nyingi, ndiyo sababu 6D hutoa picha zisizo na chembechembe nyingi hata ukumbini penye taa hafifu. Mpiga picha wa harusi ataipenda.

Lakini mlima haukimbii kama bwana harusi anayecheza. Mandhari hupigwa kamera ikiwa imetulia juu ya stendi ya miguu mitatu, ISO ikiwa 100, na shata ikikaa wazi hata sekunde nzima. Hapo mambo hugeuka. Katika ISO 100, kihisi cha 80D, ingawa ni kidogo, ni cha kizazi kipya zaidi na huhifadhi vizuri yale yaliyomo vivulini kuliko cha 6D. Chukua mfano wa machweo: anga inawaka juu ya Ngong na mabati ya Kawangware yako gizani. Ukija kuyaangaza mabati hayo kwenye kompyuta, picha ya 80D ndiyo itakayotoka safi zaidi.

Halafu kuna mtego ambao mtu huugundua akiwa amekwisha lipa. Lenzi yako ya 18 hadi 55 ni ya aina ya EF-S, iliyotengenezewa kamera zenye kihisi kidogo, na haiingii kwenye 6D. Itakubidi ununue nyingine, kwa mfano EF ya 17 hadi 40, na hapo akiba itaishia mlangoni. Kwenye 80D lenzi yako itaingia. Tena, EF-S ya 10 hadi 18, iliyo nyepesi na ya bei nafuu zaidi, itakupa upana unaokaribiana na ule wa 17 hadi 40 kwenye 6D.

Basi, kama harusi na mahafali ndiyo yanayolipa kodi ya nyumba, chukua 6D, lakini weka kando pesa za lenzi kwanza. Kama moyo wako uko milimani, 80D inakufaa zaidi. Na kama pesa hazitoshi kununua kamera, lenzi na stendi pamoja, ushauri wangu ni kwamba usiuze 1200D yako. Nunua stendi imara na ile lenzi ya 10 hadi 18, kisha zinazosalia ziwe nauli. Tangu 2018 Canon imegeukia kamera zisizo na kioo, lakini lenzi za EF na EF-S huingia kwenye kamera hizo kwa adapta. Lenzi nzuri ya leo itakufaa hata utakapobadilisha kamera.

Nauli nimeitaja kwa sababu nuru ndiyo mandhari yenyewe. Vilima vya Ngong viko upande wa magharibi wa jiji. Asubuhi jua huvimulika usoni, na kila korongo huonekana. Jioni jua huzama nyuma yake, vikabaki kivuli cheusi. Utahitaji kurudi mara nyingi kabla ya kupata siku isiyo na ukungu. Usiende peke yako.

Ukiamua kununua kamera iliyotumika, ijaribu palepale dukani. Piga picha ya karatasi nyeupe kwa f/16, kisha uikuze: madoa meusi ni uchafu kwenye kihisi. Mulika lenzi kwa tochi utafute ukungu unaofanana na utando wa buibui. Uliza shata imefunguka mara ngapi, kwa maana ya 80D na ya 6D zilikadiriwa kudumu mara 100,000. Mwisho, dai risiti yenye nambari ya kamera, maana bei ya chini mno yaweza kuwa ya mali ya wizi, na mzigo huo utakuangukia wewe.

Bado una shaka? Kodisha kamera hiyo siku moja, upige vilima hivyo alfajiri, kisha weka picha hizo kando ya zile za 1200D yako. Ukikosa kuona tofauti, karo imepona.