Wasusi wakodi vyumba vyao wenyewe, lakini ufunguo ni wa nani?

YEYOTE anayepanda ngazi za majengo ya ghorofa yaliyo kati ya Moi Avenue na River Road jijini Nairobi hukutana na hali moja. Ukumbi uliokuwa duka moja umegawanywa kwa mbao na vioo, ukawa vyumba vidogo vidogo. Katika kimoja yumo msusi, katika cha pili mpaka rangi kucha, katika cha tatu kinyozi. Kila mmoja ana wateja wake, hulipa kodi yake ya pango na jioni hufunga mlango kwa kufuli yake.

Hawa si waajiriwa wa saluni. Ni wataalamu wa urembo waliochoka kugawana mapato na mwenye saluni, wakaamua kujitegemea. Linalobaki kujulikana ni iwapo uhuru huo una mashiko siku ambayo aliyewakodishia anawataka watoke.

Sababu ya kuhama inaeleweka kwa hesabu rahisi. Chukua mfano wa msusi anayeingiza Sh4,000 kwa siku, kwa siku 26 za mwezi. Hizo ni Sh104,000. Akigawana nusu kwa nusu na mwenye saluni, hubaki na Sh52,000. Akikodi chumba cha Sh25,000, hubaki na Sh79,000 kabla ya kulipia umeme, maji na mafuta ya nywele. Ni vigumu kumlaumu anayeichagua hesabu ya pili.

Hata hivyo, Desemba si Januari. Wazazi wanapohangaikia karo, nywele husubiri. Mapato yakishuka hadi Sh40,000, yule wa kugawana hupata Sh20,000, ilhali mwenye chumba hubaki na Sh15,000 na bili bado hajazigusa. Hasara iliyokuwa ikimwangukia mwenye saluni sasa ni yake. Jambo hili lilionekana waziwazi mnamo Machi 2020, serikali ilipotangaza kafyu kwa sababu ya virusi vya corona. Wateja wa jioni walitoweka, lakini tarehe ya kulipa kodi haikutoweka.

Kuna pia ushuru. Tangu Sheria ya Fedha ya 2023, biashara ndogo inayouza kati ya Sh1 milioni na Sh25 milioni kwa mwaka hutozwa ushuru wa asilimia tatu ya mauzo. Msusi wa mfano huu, akidumisha kiwango chake cha miezi mizuri mwaka mzima, hufikisha Sh1,248,000 na kudaiwa Sh37,440. Ushuru huo huhesabiwa kwa mauzo yote, wala hauulizi alilipa kodi ya pango kiasi gani.

Manufaa ya mwajiriwa nayo huachwa mlangoni. Sheria ya Ajira ya 2007 humpa mwajiriwa likizo ya siku 21 kwa mwaka, na mwanamke aliyejifungua likizo ya miezi mitatu yenye malipo. Mwenye chumba akijifungua, mlango unafungwa na kodi inaendelea. Ni kweli kwamba wengi wao hawakuwahi kuyaona manufaa hayo hata walipofanya kazi kwa kamisheni, kwa kuwa hawakuandikiwa barua yoyote. Kwa hivyo, walichopoteza ni haki waliyokuwa nayo kwenye karatasi tu.

Lakini kuna haki nyingine ambayo huenda wameipata bila kujua. Sheria ya mwaka 1965 kuhusu wenye majengo na wapangaji wa maduka, hoteli na mikahawa, ile ya Sura ya 301, inahesabu kuwa duka hata mahali panapotolewa huduma kwa malipo. Saluni imo. Zaidi ya hayo, humlinda mpangaji asiye na mkataba wa maandishi, pamoja na yule ambaye mkataba wake hauzidi miaka mitano. Mpangaji wa aina hiyo hawezi kufukuzwa au kupandishiwa kodi kwa maneno ya mdomo. Ni lazima apewe notisi rasmi ya angalau miezi miwili yenye sababu, naye anaweza kuipinga mbele ya jopo linaloamua mizozo ya kodi za majengo ya biashara. Mpangaji mdogo, yaani aliyekodishiwa na mpangaji mwingine, pia anatambuliwa.

Wafanyabiashara wengi huamini kinyume, kwamba asiye na karatasi hana haki. Imani hiyo imewafukuza watu wengi kuliko notisi.

Kizingiti kiko mahali pengine. Sheria humlinda mpangaji, si mgeni. Aliyekodi kiti ndani ya ukumbi wa mwenzake, akitumia beseni na draya za mwenyewe na kuingia wakati mlango umefunguliwa na mwenyewe, atapata taabu kudai kwamba ni mpangaji. Mbele ya sheria ana ruhusa tu ya kuwa pale. Aliye na chumba chenye mlango, kufuli na ufunguo ambao mwingine hautumii apendavyo, ana hoja nzito zaidi. Kwa msusi, basi, ukuta ule wa mbao una thamani kupita faragha ya mteja.

Mwenye jengo aliye na wakili mzuri anaweza kujaribu kuukwepa mzigo huo kwa kuuita mkataba wake idhini badala ya upangaji. Mbinu hiyo si ngeni. Mwaka wa 1985, majaji wa House of Lords nchini Uingereza waliikataa katika kesi ya Street v Mountford, wakisema kwamba anayepewa chumba akitawale peke yake kwa muda maalumu na kwa kodi ni mpangaji, hata mkataba uitwe jina gani. Mahakama za Kenya hazilazimiki kufuata uamuzi huo, lakini sheria zetu za upangaji zimechota mengi kutoka kisima hicho.

Hatari kubwa zaidi hutoka kwa mtu wa katikati. Katika majengo mengi anayegawa ukumbi si mwenye jengo. Ni mpangaji mkuu, ambaye huomba kwanza malipo ya kiingilio, yaitwayo gudwili, kisha hukusanya kodi za vyumba vyote. Iwapo atazila na kukosa kuziwasilisha, madalali wakija hawabishi hodi kwenye chumba kimoja kimoja. Msusi aliyelipa kila mwezi hukuta kufuli ngeni kwenye lango la chini, draya zake zikiwa ndani. Akienda mbele ya jopo ataulizwa ushahidi wa upangaji, naye mara nyingi alilipa kwa fedha taslimu. Alipotuma kwa M-Pesa, angalau simu yake ina kumbukumbu. Gudwili ndiyo humwumiza zaidi, kwa sababu hutolewa mkononi, bila risiti, na aliyeipokea huwa wa kwanza kuzima simu.

Huko Marekani, ambako kampuni ya Sola ilianza kukodisha vyumba vya aina hii mjini Denver mwaka wa 2004, mjadala umeegemea upande wa ajira. Jimbo la California lilipokaza sheria kuhusu nani ni mwajiriwa mwaka 2019, liliwaruhusu wasusi na vinyozi wenye leseni kubaki huru kwa masharti: wapange bei zao wenyewe, wapange saa zao, wapokee malipo moja kwa moja kutoka kwa mteja na wawe na orodha yao ya wateja. Vipimo hivyo vingewafichua wengi Nairobi. Wapo wanaolipa kodi ya kiti kila wiki, ilhali mteja hulipia kwenye nambari ya M-Pesa ya mwenye saluni, na bei zimebandikwa ukutani na mwenye saluni huyo huyo. Hao wanalipa kama wapangaji na kutii kama vibarua.

Anayetaka kukodi chumba leo ana mambo ya kuuliza kabla ya kutoa hata shilingi moja. Je, anayekodisha ana ruhusa ya maandishi ya mwenye jengo kugawa ukumbi? Leseni ya kaunti itakuwa kwa jina la nani? Gudwili itarudishwa akitoka, na imeandikwa wapi? Na ufunguo wa lango la chini, ule unaofungua jengo kabla ya mlango wa chumba, unakaa kwa nani usiku?