Ni Nani Aletaye Mvua? Ubishi wa Mashabiki na Usawiri wa Jagina Storm katika Filamu

Utangulizi

Tangu filamu ya X-Men ilipotolewa mwaka 2000, mashabiki wa majagina wa vitabu vya katuni wamekuwa wakibishana kuhusu Ororo Munroe, yule mwanamke mwenye nywele nyeupe aitwaye Storm, ambaye huamuru upepo, radi na mvua. Ubishi huo una hoja kuu mbili. Hoja ya kwanza ni ya rangi. Inadaiwa kwamba Storm wa vitabuni, aliyezaliwa na mama Mkenya, ni mwanamke mweusi tititi, na kwa hivyo hakufaa kuigizwa na Halle Berry, wala na Alexandra Shipp aliyemrithi katika X-Men: Apocalypse ya mwaka 2016, kwa kuwa wote wawili ni weupe kuliko anavyochorwa. Hoja ya pili ni ya lafudhi. Berry alijaribu kuzungumza kwa lafudhi ya Kiafrika katika filamu ya kwanza. Ilipofika filamu ya pili, mwaka 2003, lafudhi ile ilikuwa imetoweka bila ya kuagwa.

Makala haya hayakanushi hoja hizo. Ubaguzi wa weusi wa ngozi katika tasnia ya filamu ya Marekani ni jambo la kweli, na msichana mweusi wa Vipingo ana haki ya kumwona mwanamke wa rangi yake akitawala kiwambo. Tunachodai ni kwamba ubishi huu umekomea kizingitini. Mashabiki wameuliza Storm awe na sura gani na aseme kwa sauti gani. Hawajauliza mvua yake huwanyeshea akina nani, na kwa idhini ya nani. Kwa msomaji aliyelelewa na fasihi ya Pwani, hilo ndilo swali la kwanza. Mhakiki wa Kiswahili anayejiunga na ubishi huu bila ya kuliuliza anapima jagina kwa mizani aliyoazimwa.

Kenya Isiyo na Wakenya

Storm alibuniwa na mwandishi Len Wein na mchoraji Dave Cockrum mwaka 1975. Tunapokutana naye kwa mara ya kwanza yuko Kenya, na wanakijiji wamemsujudia kama mungu wa kike wakimwomba awaondolee ukame. Anawaletea mvua. Kisha anatokea Profesa Xavier kutoka Marekani na kumweleza kwamba yeye si mungu, bali ni binadamu aliyezaliwa na vipawa visivyo vya kawaida, na kwamba ana kazi ya kufanya kwingineko. Ororo anakubali, anaondoka.

Tuitazame picha hiyo kwa makini. Wanakijiji wale hawana majina. Haijulikani wanasema lugha gani, wala mwezi ule walikuwa wamepanda nini. Kazi yao katika hadithi ni moja tu: kupiga magoti ili tujue kwamba aliyesimama ni mkubwa. Jagina anapoondoka, hakuna anayeuliza msimu ujao nani ataleta mvua. Kijiji kimekwisha kazi yake, nacho kinafungwa pamoja na ukurasa.

Kwa haki, waandishi wa vitabu waliomfuatia Wein walihisi kasoro hiyo. Katika toleo la 198 la Uncanny X-Men (1985), lililoandikwa na Chris Claremont, Storm aliyepokonywa uwezo wake anafika barani Afrika, anaishi na watu wa kijiji, na kwa mara moja analazimika kusikiliza badala ya kuamuru. Ni kweli kwamba hata hadithi hiyo ilipewa kichwa kidogo kinachorejea riwaya ya Conrad kuhusu kiini cha giza, jambo linaloonyesha jinsi mazoea yalivyo mazito. Hata hivyo, jaribio lilikuwapo. Waandaaji wa filamu walikuwa nalo mezani, wakaliacha. Katika filamu, Storm ni mwalimu wa shule ya Marekani, na baadaye ni kibaka wa vichochoro vya Cairo. Kenya haionekani kabisa. Je, lafudhi ya nchi isiyoonekana ingetufaa nini hata kama ingekuwa sahihi?

Mfano wa Black Panther (2018) unaweza kutajwa dhidi yetu. Filamu hiyo iliwapa watu wa Wakanda lugha halisi ya Kiafrika, isiXhosa, iliyoingizwa kwa mchango wa mwigizaji John Kani tangu filamu ya mwaka 2016. Iliwapa pia wazee wa baraza, mafundi na walinzi wenye majina. Tunakiri kuwa hiyo ni hatua. Lakini mgogoro mkuu wa taifa zima ulimalizwaje? Kwa wanaume wawili kupigana, na raia wakisubiri kujua ni nani wa kumtii. Lugha ilibadilika; uhusiano wa jagina na umma ulibaki palepale.

Jagina katika Fasihi ya Pwani

Atakuja mtu aseme kwamba majagina wote ndivyo walivyo, na kwamba Fumo Liyongo wetu naye alikuwa pandikizi la mtu asiyedhurika kwa silaha za kawaida. Hoja hii ina sura ya ukweli, lakini haina mashiko. Katika utenzi alioandika Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, Liyongo anatoka gerezani vipi? Si kwa kuvunja kuta kwa mabega. Mama yake anaoka mkate na kuficha tupa ndani yake. Kijakazi Saada anaupeleka. Ngoma ya gungu inachezwa nje, na vishindo vyake vinafunika sauti ya tupa ikikata minyororo. Wokovu wa jagina umo mikononi mwa mwanamke mpishi, mjumbe na wachezaji ngoma. Hata kifo chake kinapatikana ndani ya jamaa: mwanawe mwenyewe ndiye anayehongwa, anayeulizia siri na anayemchoma sindano ya shaba kitovuni. Naye anapokufa kisimani akiwa amepiga goti na upinde mkononi, watu wanashindwa kuteka maji kwa hofu ya maiti. Mji mzima unapata kiu kwa sababu ya dhuluma ya mtawala. Utenzi hauturuhusu kumtazama jagina bila ya kuwatazama watu waliomzunguka.

Tukija kwenye mvua yenyewe, tofauti ni kubwa zaidi. Kwa Wamijikenda, ambao misitu yao ya kaya iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008, hakuna mtu aletaye mvua. Mvua ni ya Mulungu. Wazee wa kaya hutoa sadaka na kuomba kwa niaba ya watu, na dhana nzima ya ombi hilo ni kwamba jamii iwe imejitakasa na kupatana. Ukame ni swali linaloulizwa watu wote: ni nani amekosana na nani, ni mwiko gani umevunjwa? Storm anaifuta falsafa hiyo kwa ishara moja ya mkono. Anapoinua kiganja na mawingu yakakusanyika, hakuna aliyelazimika kupatana na jirani yake. Huo ndio upotoshaji mkubwa wa usawiri huu, na hakuna mwigizaji awezaye kuurekebisha, hata angekuwa mweusi kama mpingo na mwenye kusema Kigiriama cha ndani.

Tunao mfano wa siku zetu, tena usio na jagina hata mmoja. Wavuvi wa Kuruwitu, kaskazini mwa Mtwapa, waliona samaki wakipungua na matumbawe yakifa. Mwaka 2003 waliunda jumuiya yao ya hifadhi, na miaka michache baadaye wakakubaliana kutenga takribani hekta 30 za bahari ambamo hapavuliwi. Neno wanalolitumia watu wa Pwani ni tengefu, na lina uzito wake, kwani kutenga ni kujinyima. Mvuvi mwenye ngalawa na watoto wa kulisha alikubali kupita juu ya samaki bila ya kutupa mshipi. Samaki walirudi, na mwaka 2017 juhudi hiyo ilitambuliwa kimataifa kwa Tuzo ya Equator. Mwandishi wa filamu za majagina angeifanyia nini hadithi hii? Bila shaka angemtoa mtu mmoja majini, macho yakimwaka, akaamuru samaki warudi. Vikao, ubishi, tamaa ya usiku ya kwenda kuvua kwa siri, aibu ya kugunduliwa na wenzako, yaani drama yote ya kweli, vingeachwa. Vingeachwa si kwa kuwa havina mvuto, bali kwa kuwa itikadi ya filamu hizi haina mahali pa kuviweka. Itikadi hiyo inashikilia kwamba umma hauwezi kujiokoa.

Hatari Inayomkabili Mekatilili

Huenda msomaji akauliza kwa nini tupoteze wino kwa katuni za Wamarekani. Jibu ni kwamba ugonjwa huu umekwisha vuka bahari, na mgonjwa wa kwanza ni Mekatilili wa Menza. Sanamu yake iko Malindi; mwaka 2020 Google iliipamba kurasa yake kwa mchoro wake; na katika mradi wa kidijitali ulioshirikisha Makumbusho ya Taifa ya Kenya amechorwa pamoja na mashujaa wa jamii nyingine kwa mtindo uleule wa majagina wa katuni. Hatuoni ubaya katika kuchorwa. Watoto wetu wanahitaji picha. Tunachohofia ni kile kinachoachwa nje ya picha.

Tuchukue masimulizi mawili yanayoenea kuhusu makabiliano yake na ofisa wa Kiingereza, Arthur Champion, mwaka 1913. Katika simulizi la kwanza Mekatilili anamzaba Champion kofi. Katika la pili anakuja mkutanoni na kuku na vifaranga wake, anamwambia ofisa ajaribu kuchukua kifaranga kimoja. Kuku anamdonoa, na Mekatilili anawageukia watu na kusema kwamba hivyo ndivyo watakavyofanya wakitaka kuchukuliwa watoto wao. Siku hizi ni kofi linalosimuliwa kwa shangwe zaidi, na sababu iko wazi: kofi ni tendo la kifilamu. Linahitaji mtu mmoja, shavu moja na sauti. Kuku anahitaji hadhira. Ni sitiari iliyotegwa mbele ya umati, nayo haikamiliki mpaka umati uifumbue na kujitambua kuwa wao ndio kuku. Mwenye kuchagua kofi na kumtupa kuku amemchukua fanani mkubwa wa fasihi simulizi na kumfanya mpiganaji.

Vivyo hivyo, nguvu ya Mekatilili haikuwa mwilini mwake. Alizunguka na ngoma ya kifudu akikusanya watu. Aliegemea utabiri wa Mepoho aliyemtangulia. Na huko Kaya Fungo wanawake walikula kiapo cha mukushekushe na wanaume kiapo cha fisi, wakiapa kutoshirikiana na serikali ya kikoloni iliyodai kodi na nguvukazi ya vijana. Kiapo hakina nguvu ila kwa mwenye kuapa. Waingereza walielewa jambo hili kuliko wachoraji wetu: baada ya kumkamata na kumpeleka magharibi mwa Kenya hawakutulia, bali mwaka 1914 waliilipua kaya kwa baruti. Walijua adui yao alikuwa mahali pa makubaliano, si mwanamke mmoja tu. Na alipotoroka uhamishoni mwaka huohuo na kurudi kwa miguu, hakutoroka peke yake. Alikuwa na Wanje wa Mwadorikola, ambaye masimulizi ya siku hizi yameanza kumsahau kwa sababu bango la filamu lina nafasi ya mtu mmoja.

Angalia sadfa ya tarehe. Mwaka uleule wa 1913 Kijumwa alipokuwa akiandika habari za Liyongo kule Lamu, Wagiriama walikuwa wakila kiapo Kaya Fungo. Pwani hii ilikuwa na nadharia yake ya ujagina, katika wino na katika vitendo, zaidi ya miaka 60 kabla ya Storm kuchorwa. Kwa nini basi tuwe wanafunzi katika somo ambalo sisi tungeweza kulifundisha?

Hitimisho

Tunapendekeza kwamba uhakiki wa Kiswahili uache kuwa mwangwi wa ubishi wa mashabiki. Mbele ya jagina yeyote, wa Hollywood au wa Magarini, maswali yawe haya. Watu waliomzunguka wana majina na lugha? Wanatenda, au wanapiga magoti tu? Uwezo wake unatoka wapi, na nani anaweza kuukatalia? Akiondoka, watu wanabaki na nini mikononi mwao? Kwa mizani hiyo Storm wa filamu anaanguka hata kabla hatujaitazama ngozi yake, na Liyongo, pamoja na maajabu yake yote, anasimama.

Wapo watakaosema kuwa tunadai mno kutoka kwa burudani. Lakini burudani ndiyo shule yenye wanafunzi wengi kuliko zote, na somo lake la kila siku ni kwamba ukame ukija, kazi ya mwanakijiji ni kutazama juu na kumngoja mtu. Wazee wa kaya hawakufundisha hivyo, wala wavuvi wa Kuruwitu hawakufanya hivyo. Siku filamu ya Mekatilili itakapotengenezwa, kwa maana ni lazima itatengenezwa, wenye kamera watamtafuta mwigizaji wa rangi inayofaa na mwalimu wa lafudhi, na mashabiki wataridhika. Wajibu wa mhakiki ni kuwa amekwisha uliza, mapema na kwa sauti, ni wapi walipowekwa waliokula kiapo.