Kabla Uulize "Itapaa?", Uliza Inazimwa Aje



Kila baada ya miezi kadhaa ile klipu hurudi, ni sura tu inabadilika. Kijana ameunda ndege nyuma ya nyumba yao: mabomba, mabati, kiti cha matatu, injini ya pikipiki ama ya gari kuukuu. Sote tunashea. Tunaandika "serikali iko wapi", tunaweka bendera. Halafu chini kwa maoni swali ni moja, miaka yote: itapaa?

Mimi swali langu ni lingine na najua halina raha. Hiyo injini inazimwa aje?

Mkumbuke Gabriel Nderitu wa Nyeri, mtu wa kompyuta, ambaye karibu 2010 aliunda ndege ya alumini yenye injini ya Toyota na propela ya mbao, mambo mengi akiyasoma kwa intaneti. Baadaye kidogo Chris Nsamba wa Kampala naye akawa habari, na ndege aliyokuwa akiiunda nyumbani kwa mama yake. Walichekwa na wakasifiwa, saa zingine na msee yule yule. Lakini stori yote ilikuwa ya angani, ni kama chini hapa hakuna kitu kinaweza kutokea. Na propela inatisha zaidi ndege ikiwa imesimama, kwa sababu hapo ndipo watu huwa karibu nayo.

Fanya hesabu. Injini ikinguruma polepole tu, mizunguko 900 kwa dakika, hiyo ni mara 15 kila sekunde. Propela ya pande mbili inapita mbele yako mara 30 kabla useme "moja". Jicho halioni kitu hapo. Linaona hewa. Sasa rudi kwa hizo klipu uangalie umati umesimama wapi, watoto wako wapi, na yule msee ndani anagusanisha waya mbili ili injini ishike.

Hiyo ya kugusanisha waya ndiyo imenifanya niandike.

Sisi tumezoea swichi ya taa: ukikata njia ya umeme, kitu kinazima. Injini nyingi za ndege ndogo ziko kinyume kabisa. Zinatumia magneto, ambayo hujitengenezea cheche injini ikizunguka, bila betri. Kuzima, swichi haikati chochote. Inaunganisha waya wa magneto na mwili wa injini, ndio umeme upotelee huko na plagi ikose cheche. Maanake waya huo ukikatika, ama ukichomoka kwa mtetemo, swichi inaonyesha imezimwa lakini injini iko hai. Mtu akisogeza propela kwa mkono, hata ni kupita tu alikuwa anapita, inaweza kushika.

Kama umekulia hapa upande wetu, hii unaijua bila kujua kuwa unaijua. Pawasoo huzimwa hivyo hivyo. Na zile mashine za kuchuna chai, zile zilizochomwa Kericho 2023 watu wakililia kazi zao, injini zake ndogo ni za ukoo huo huo. Waya wa swichi ukichomoka, unabonyeza weee na mashine inaendelea kunguruma mpaka uvute choki. Hapo ni kero. Kwa ndege ni mkono wa mtu.

Hata Rotax 912, injini ya Austria ambayo utaikuta kwa ndege nyingi za kujiundia duniani, iko na mifumo miwili ya cheche, na kila mmoja unazimwa kwa kuunganishwa na mwili. Ndio maana marubani wa ndege ndogo wana kazoea kamoja: kabla ya kuzima kabisa, injini ikiwa polepole, wanageuza swichi sekunde moja waone kama kweli inakata. Haikukata? Hakuna mtu anakaribia propela mpaka huo waya upatikane. Na hata ikikata, bado wanaiheshimu kama ng'ombe dume aliyelala.

Sasa stata.

Soketi ya ukutani kwenu ni ya ampea 13. Stata ya injini ya ndege ndogo inaweza kuvuta 150, hata 200, kwa zile sekunde chache inazungusha. Nguvu hiyo haipiti kwa kifunguo. Inapita kwa solenoidi, swichi nzito inayojifunga yenyewe ukibonyeza kitufe kidogo. Betri ikiwa imechoka, solenoidi haishiki vizuri, inatetemeka: ka-ka-ka-ka, ile sauti unaijua kwa pikapu ya mzee asubuhi ya baridi. Kila "ka" ni cheche ndani, na cheche hizo zinaweza kuyeyusha vyuma viwili vya solenoidi vishikane. Unaachilia kitufe, stata haiachi. Gari likiwa kwa gia huru, utaunguza stata tu na utukanwe. Ndege haina gia huru. Stata ikizunguka, propela inazunguka.

Na dawa haijafichwa. Ni solenoidi ya pili karibu kabisa na betri, inayokata umeme wote, na swichi yake iwe mahali mkono wako unafika ukiwa umefunga mkanda. Ongeza taa ndogo nyekundu inayowaka muda wote stata iko na umeme, ndio ujue imekwama kabla ushuke kwa kiti. Hii si sayansi ya NASA. Fundi wa waya wa malori hapo barabara ya Narok–Kaplong atakufungia na arudi kwa chai yake kabla ipoe.

Kuna mtego mmoja kwa hawa wetu wanaotumia injini za magari. Injini ya gari ya kisasa haiishi bila umeme: pampu ya mafuta, kompyuta, cheche, vyote vinategemea betri. Hapo shida inageuka kichwa chini. Ukiwa chini unataka uweze kuua umeme wote kwa kidole kimoja. Ukiwa juu hutaki fyuzi moja ya shilingi kidogo ikusimamishie propela. Wanaojua huweka betri mbili na njia mbili za umeme kufikia pampu na kompyuta. Bob Nuckolls wa Kansas ameandika miaka mingi kuhusu umeme wa ndege za kujiundia, na wazo lake, kwa maneno yangu, ni kuchora mfumo ukijua kila kipande kitakufa siku moja.

Waya zenyewe sitakaa sana. Ule waya mgumu wa kufungia nyumba haufai, mtetemo unauvunja ndani na nje unaonekana mzima. Waya unaopita kwa tundu la alumini bila raba unajikata pole pole. Na tepu nyeusi bana, tepu nyeusi si mpango.

Najua mtu ataandika, "wewe uliacha uni, unafundisha nani uinjinia?" Sawa. Hakuna kitu nimesema hapo kinahitaji digrii, na hiyo ndiyo inaniuma. Mwingine atasema naua ndoto, KCAA watashughulikia. KCAA ndio wanaamua kama ndege itaruka kihalali, ni kweli. Lakini propela inazunguka nyuma ya nyumba miezi mingi kabla faili lolote lifike Nairobi.

Wanaofika mapema ni sisi wenye simu. Na sisi ndio tunasema, "Washa tena, hiyo sikuipata vizuri. Washa tena, jua lilikuwa vibaya." Mara ya kumi, betri imeisha nguvu. Ka-ka-ka-ka. Yaani ile hali hasa inayofanya solenoidi ishikane ndiyo tunaitengeneza kwa ajili ya klipu ya sekunde 30, na umati tumeuita karibu ndio video ijae.

Kwa hivyo kama unaunda ndege Bomet, Sotik, Kericho, popote nitafika na matatu, niko inboksi. Nitakuja, nitakupa shavu bila kulipisha. Lakini kwanza utanionyesha kwa kamera swichi ya kukata kila kitu, na utaitumia nikiona. Ndege ifungwe na kamba kwa kitu kisichotembea. Watu wote wakae nyuma ya mabawa, pamoja na mimi na simu yangu, na mmoja wao kazi yake iwe kufukuza watoto tu. Propela tutairekodi kwa mbali. Na betri ikianza ka-ka-ka, tumemaliza kurekodi siku hiyo, twende tukunywe mursik.